Vyura Wavivu wa Carrow

Siku Kamati ya Kuua Vyura ya mji wetu wa Carrow ilipopiga kura ya kuwalinda vyura, mimi ndiye niliyeunga mkono hoja. Najua. Nimeambiwa mara nyingi, tena na watu ambao mikono yao niliiona juu siku ile ile. Hoja aliitoa Lorna, mwenye baa na mwenyekiti wetu, ambaye kwa miaka tisa kila Jumamosi alikuwa akivaa fulana yenye picha ya chura aliyekatwa kwa mstari mwekundu. Tulikuwa wajumbe kumi na mmoja. Nev, fundi wa matrekta, aliinua mkono mmoja kukubali na wa pili kuomba bia, na katibu akamhesabu mara mbili.

Wenzangu walikuwa na sababu zao. Wengine walichoka kuua, wengine walipenda tu kitu kipya. Yangu ilikuwa moja, na ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita moja kutoka puani hadi mkiani. Ni kenge, jike, anaitwa Gladys. Mke wangu Doreen ndiye aliyempa jina hilo, ambalo ni la dada yake, kwa sababu ya shingo. Alimzoesha kula mkononi tangu akiwa mdogo, kipande cha nyama kila asubuhi kwenye ngazi za jikoni. Doreen alipofariki, asubuhi baada ya mazishi Gladys alikuja kama kawaida. Akanitazama, akachungulia nyuma yangu mlangoni, akangoja. Aliponiona niko peke yangu alisogea, akachukua nyama mkononi mwangu taratibu bila kunigusa kidole. Nilikaa kwenye ngazi nikalia mpaka chai ikapoa. Hiyo ni miaka minne sasa, na sina mtu mwingine ninayekula naye asubuhi.

Sasa, kenge akimla chura wa miwa, huyo ambaye kamati yetu inamuua, hufa. Hana hata muda wa kummeza, sumu iko kwenye mabega ya chura yule, na kenge mzee hufa chura akiwa bado mdomoni. Kule mashariki vyura walikokwisha kupita, kenge wamebaki wa kuhesabika. Ukutani kwenye baa tulikuwa na ramani yenye pini nyekundu kuonyesha vyura wa mbele wamefika wapi, na kila mwezi Lorna aliisogeza kuelekea kwetu. Mwaka ule ilikuwa kilomita tisini. Wao wanakwenda hamsini kwa mwaka. Nilikuwa nimepiga hesabu yangu: Gladys ni mzee, na kama vyura wangechelewa misimu miwili mitatu tu, angekufa kwa uzee wake, juani, bila kuwaona. Hicho tu ndicho nilichokitaka.

Ndipo akaja Daktari Imogen. Alikuwa mtaalamu wa vyura kutoka kusini, binti mwembamba mwenye kofia kubwa, akasimama mbele ya jokofu la barafu akatueleza mambo.

"Hawa wa mbele si kama babu zao walioletwa Queensland kula wadudu wa miwa," alisema.

"Ambao hawakuwala," akasema Lorna.

"Ambao hawakuwala, ndiyo. Hawa wa kwetu wana miguu mirefu zaidi. Wanakwenda moja kwa moja, hawageuki, kila usiku. Wenzao walioachwa nyuma wanazungukazunguka tu. Leo kichaka hiki, kesho kile, keshokutwa wamerudi kwenye kile cha kwanza."

"Kama Nev," akasema Lorna.

"Mimi nina kazi," akasema Nev.

"Kazi gani? Trekta ya Merv iko kwako tangu Pasaka."

Merv ni mimi. Na ni kweli, ilikuwa huko tangu Pasaka.

Daktari alingoja kicheko kiishe. "Fikirini hivi. Wenye mbio ndio wanaofika mbele. Wakifika, wanatafuta wachumba. Wachumba walioko pale ni akina nani? Wenye mbio wenzao, kwa sababu wavivu bado wako njiani. Wanaoana, watoto wanarithi miguu ya mama na haraka ya baba, wale wepesi zaidi wanatangulia, wanaoana tena. Kila kizazi kinazidi kukimbia."

"Wanakimbilia nini?" nikauliza.

"Hakuna kitu. Wengine uti wa mgongo unawavimba kwa ajili ya mwendo, wanapata baridi yabisi, na bado wanakwenda."

Nina baridi yabisi ya mgongo mwaka wa kumi sasa. Niliona nawaonea huruma nusu dakika, nikakasirika.

Mpango wake ulikuwa huu: tuwaweke vyura wavivu mbele ya wale wenye mbio. Wakimbiaji wakifika wakute wavivu wamejaa, waoane nao, wazae watoto wazito wa miguu, na safari nzima ipungue kasi. Kwa miaka mingapi? Miwili, mitatu, labda zaidi. Niliposikia mitatu nikaacha kusikiliza mengine.

Rowena alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya askari wa wanyamapori. Ile ardhi ya mashariki yote, mpaka mtoni, ni ya watu wake, na yeye na wenzake ndio wanaoilinda.

"Hebu nielewe," alisema. "Bibi yangu alifukuzwa kwenye hiyo ardhi na watu wenye farasi. Sasa chura atakaribishwa, mradi awe mvivu?"

"Sio kukaribishwa, Rowena," akasema Lorna. "Ni kuajiriwa."

"Haya. Na wewe Merv, huyo kenge wako bibi angemla na viazi, unajua hilo?"

"Bibi yako alinialika, nilikataa," nikasema.

"Alisema kweli wewe huna adabu." Akacheka, akaagiza soda, lakini mkono hakuinua.

Wavivu wenyewe walipaswa kutoka Queensland, kule nyuma ambako vyura walianzia. Serikali ikakataa kibali, na mimi siwalaumu, maana kumpandisha chura kwenye lori kumleta ambako unamuua ni jambo gumu kuliandikia barua. Basi Daktari akasema tuwachague wavivu miongoni mwa hao hao tunaowakamata mbele, kwani hata kwenye wakimbiaji kuna wa nyuma. Akatuandikia maelekezo ya jinsi ya kuwapima, karatasi nne, halafu akaenda mjini Perth kwenye mkutano wa majuma mawili.

Tulisoma karatasi ya kwanza. Ilisema tuchore duara, tumweke chura katikati, tupime muda anaochukua kutoka. Lorna alipofika hapo akaziweka zote chini ya sahani ya karanga. Kuna nini tena cha kusoma? Baa yake ilikuwa inafanya mashindano ya mende kila mwaka kwa miaka ishirini. Duara lilikuwa limechorwa tayari sakafuni, na saa ya kupimia ilikuwa inaning'inia kwenye msumari wake.

Sasa kuna jambo moja ambalo mtu wa Carrow halifikirii, kama vile mtu hafikirii anavyofunga kamba za viatu. Chura akikamatwa, anawekwa kwenye baridi. Ndivyo tunavyofanya sote. Kwanza baridi ya kawaida mpaka alegee asione kitu, kisha friza, na hapo anakufa usingizini. Ni njia ya huruma, tumefundishwa miaka yote, na hakuna jokofu Carrow ambalo halijawahi kulaza chura pembeni ya siagi. Kwa hiyo tuliporudi kutoka mashariki na vyura mia tatu, hakuna aliyeuliza. Tuliwapanga kwenye kreti, wakubwa chini kwa sababu ya uzito, wadogo juu, tukawasukuma kwenye chumba cha baridi cha Lorna, karibu na mapipa ya bia. Jumamosi alasiri tukawatoa moja kwa moja hadi kwenye duara.

Sijawahi kuona mashindano kama yale. Watu sitini wamekaa kimya wakimtazama chura asiyefanya kitu. Akitingishika, wanalalamika. Nev alipiga chafya, akatolewa nje. Wadogo wa juu ya kreti walikuwa wanajikongoja mpaka nje ya duara kwa dakika tano au sita, na hao walizomewa na kupelekwa friza. Lakini wale wakubwa wa chini! Wenye miguu kama koleo! Walikaa pale kama maofisa wa serikali Ijumaa mchana.

"Kaa!" watu walinong'ona. "Kaa hapo hapo, baba! Usiwe na haraka!"

Mmoja alikaa dakika arobaini na moja. Tukamwita Diwani. Lorna alimwandikia cheti, chenye muhuri wa baa, kinachosema kwamba mwenye cheti hiki amethibitishwa kuwa mvivu mbele ya mashahidi. Watu walimpigia makofi wamesimama. Nami nilipiga, na nitakwambia ukweli, nilimpenda yule chura. Nilimwona amekaa mbele ya Gladys kama ukuta.

Tulipata wavivu sitini na wawili. Watano, Diwani akiwemo, tuliwafunga kiunoni mikanda midogo ya redio ya kuwafuatilia, kama Daktari alivyotuagiza kabla ya kuondoka. Kesho yake mchana mimi na Nev tukawapakia kwenye lori langu. Tulipaswa kuwapeleka kilomita themanini mashariki. Tulikwenda thelathini, kwa sababu baada ya daraja lami inaisha na barabara ilikuwa na tope, na pale darajani kuna kivuli kizuri cha kulia mikate. Kreti zilikuwa nyuma, juani, saa nzima.

Tulipofungua vifuniko hawakukaa. Walitoka kwa kishindo. Walirukiana migongoni, wakashika barabara ya lami, wote sitini na wawili, wakaelekea magharibi kwenye mstari ulionyooka ambao fundi wa reli angeuonea wivu. Diwani alikuwa mbele.

Nev aliacha kutafuna. "Merv, hawa ni wavivu?"

Nililiona jambo lenyewe, nikalielewa nusu, na nusu nyingine sikutaka kuielewa kwa sababu nilikuwa nimeshaihesabu ile miaka mitatu kuwa yangu.

"Wamefurahi tu," nikasema. "Kula mkate wako."

Daktari Imogen alirudi baada ya majuma mawili, akawasha chombo chake cha kunasia redio pale pale barazani kwa Lorna. Akakizungusha kuelekea mashariki. Akakigonga. Akakizungusha tena.

"Mliwaachia wapi?" akauliza.

"Huko," akasema Lorna, na mkono wake ukazunguka sehemu kubwa ya bara.

"Darajani," nikasema mimi. Sikuweza kumdanganya.

"Kilomita thelathini? Mbona hawa wako kilomita tisa kutoka hapa?" Alitutazama mmoja mmoja. "Kabla ya kuwapima mliwaweka wapi?"

Nev, ambaye hajawahi kujua wakati wa kunyamaza, alinyoosha kidole kwenye mlango wa chumba cha baridi. Daktari aliufungua akasimama kwenye ule mvuke, akayatazama mapipa ya bia. Kisha akaiinua sahani ya karanga, akachukua karatasi zake, akafunua ya tatu, akasoma kwa sauti ndogo sana: wapumzishwe siku nzima kwenye joto la nje kabla ya kupimwa, kwa sababu chura mwenye baridi hawezi kutembea, na mkubwa huchelewa zaidi kupata joto.

"Kwa hiyo wale wadogo tuliowazomea..." akaanza Lorna.

"Walikuwa wamepata joto kidogo."

"Na Diwani?"

"Diwani," alisema Daktari, akakaa chini, "ndiye chura mwenye miguu mirefu kuliko wote niliowahi kusikia, nanyi mmempa lifti."

Kamati ilikaa kikao cha dharura, nacho kilikuwa cha ovyo hata kwa vipimo vyetu. Lorna alipendekeza kizuizi barabarani. Usiku wake Nev alikwenda kuwaegeshea mbele yao trekta yangu, ambayo ilikuwa imepona ghafla, kukingama lami, na wawili walipita chini yake huku amekaa kwenye usukani anapiga honi. Mwingine alipendekeza cheti cha Diwani kifutwe, na hoja hiyo ilijadiliwa dakika ishirini. Niliondoka kabla ya kura. Nyumba yangu iko mashariki ya mji, kilomita tatu, kwenye barabara ile ile. Maana yake walikuwa kilomita sita kutoka kwenye ngazi zangu za jikoni, na mimi ndiye niliyekuwa dereva.

Rowena alinikuta nje nimeegemea lori.

"Usinicheke leo," nikamwambia. "Leo siwezi, mwenzangu."

"Sikuja kucheka. Kule kwetu walipofika mwaka jana tulifanya kitu. Tuliwatangulizia kenge wetu vyura wadogo, watoto kabisa, ukubwa wa kidole gumba. Sumu yao ni kidogo. Kenge akimla mmoja anaumwa sana, lakini akipona hamgusi chura tena maishani mwake."

"Wote wanapona?"

Alitikisa kichwa, na nilimheshimu kwa hilo. "Wengi. Wenu ni mzee, siwezi kukuahidi. Lakini akikutana na yule mkubwa wenu mwenye cheti hatapona, hilo naahidi. Ninao watoto sanduku zima kwenye gari."

"Nimwachie tu mmoja uani?"

"Atamwona atakapomwona. Una siku tatu, Merv. Anakula wapi huyo kenge?"

Nilimtazama. Alijua anakula wapi, Carrow nzima inajua.

Asubuhi iliyofuata Gladys alikuja mapema. Mvua ilikuwa imenyesha, ngozi yake ina tope shingoni, na alipanda ngazi mbili akangoja ya tatu kama desturi yake. Nilimshika chura mdogo kwa mguu wa nyuma. Alikuwa mwepesi, na alikuwa anapiga mateke. Gladys aliutazama mkono wangu, na kwa sekunde hiyo niliomba akatae. Apokee kitu kutoka kwa mtu mwingine yeyote, akatae changu tu. Alisogea akamchukua taratibu, bila kunigusa kidole, kama anavyochukua siku zote.

Alitembea hatua kumi. Kisha akaanza kukwangua mdomo wake ardhini, upande huu na upande ule, mate meupe yanatoka. Akatapika. Miguu ikamtoka chini, akajivuta mpaka chini ya tangi la maji akalala ubavu, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Nilipindua ndoo nikakaa karibu naye. Nilimwagia maji kidogo kidogo kichwani, kama Rowena alivyoniagiza. Nilimwomba radhi, kwanza yeye, halafu Doreen, kwa sauti, mchana kweupe, mzee mzima ameinama chini ya tangi anamweleza marehemu mkewe habari za chumba cha baridi cha Lorna na vyeti. Ilichukua muda mrefu kueleza. Saa sita pumzi ya Gladys ilikuwa ndogo kiasi kwamba niliweka kiganja puani pake nione kama ipo. Nilijisemea kwamba akifa nitamzika kando ya Doreen, na wa kanisani waseme watakavyo.

Saa kumi alifungua jicho. Jicho lile lilinitazama muda mrefu. Kisha akainuka kwa miguu ya mbele, akageuka, akaondoka kwenye nyasi akiyumba, na mimi nikabaki na ndoo yangu.

Siku sita hakuonekana. Siku ya pili Diwani alifika, na mkanda wake kiunoni, akapita barabarani mbele ya geti langu bila kutazama kushoto wala kulia. Nilisimama na jembe mkononi, na kwa kweli sikuwa na nguvu za kumpiga. Nyuma yake walikuja wengine. Mmoja mkubwa aliingia uani akajikalisha kwenye njia ya kwenda jikoni, juu ya udongo wenye unyevu, akavimba.

Asubuhi ya siku ya saba nilikuwa nimekaa kwenye ngazi na chai na nyama yangu, kwa mazoea tu, nilipomwona Gladys anatoka kwenye nyasi. Amekonda, lakini shingo iko juu. Alikuja moja kwa moja kwenye njia yake mpaka akamfikia yule chura. Nikasimama, chai ikamwagika. Ulimi wake ukatoka, ukamgusa mgongoni. Akasimama hivyo. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akatoka kwenye njia, akamzunguka kwa mbali, kama mita mbili hivi, akarudi njiani upande wa pili.

Nilipiga kelele. Nilimwita Lorna, Rowena, Doreen, kila aliyenijia mdomoni, na hakuna hata mmoja aliyekuwa karibu. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka. Nikapiga magoti kwenye ngazi ya tatu, nikamnyooshea kipande kizuri cha nyama, chenye mafuta.

Gladys alifika chini ya ngazi. Ulimi wake ukatoka, ukaugusa mkono wangu. Akasimama hivyo. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akanizunguka kwa mbali, kama mita mbili hivi, akaendelea na safari yake kuelekea bondeni.